Mgongo wa Karatasi

Fundi aliyekuja kuziba tangi la maji la mwenye nyumba wangu alifungua mkebe wake chini ya dirisha langu, na kabla sijaona chochote nilijua ni resini, gundi ya majimaji inayokauka ikawa ngumu kama plastiki. Harufu ile ni tamu, halafu inachoma, halafu inakaa nyuma ya macho kama kichwa kinachojiandaa kuuma. Nilifunga dirisha. Kisha nikalifungua tena, nikasimama pale nikaivuta kwa makusudi, na nikajikuta nimekaza meno. Ninakaribia miaka ishirini na mitano, ninaishi Lubumbashi, nina kazi na nina mlango wangu mwenyewe, na bado mkebe mmoja wa resini unanirudishia hasira ya msichana wa miaka kumi na tatu, nzima, haijapungua hata tone.

Nataka kuisimulia hasira hiyo jinsi ilivyokuwa. Katika ukoo wetu husimuliwa kwa namna mbili. Wako wanaosema nilimtetea Kambo, na wako wanaosema nilivunja ukoo. Nimewaacha wote waseme, kwa sababu hakuna hata mmoja anayejua nilichokuwa nakilipiza. Nilikuwa nalipiza bamba la karatasi.

Tulikaa Likasi, mtaa wa Kikula, katika nyumba aliyoijenga Kambo. Kambo ndivyo tunavyomwita babu. Yeye alizaliwa Kasai, akaletwa Katanga mtoto, akaingia kiwandani kijana, akatoka humo mzee mwenye mgongo uliopinda, akitembea kama mtu aliyeangusha kitu na bado anakitafuta. Alikaa nasi, yaani na baba yangu, mama yangu na mimi. Mwanawe wa kwanza, ndugu mkubwa wa baba, tulimwita Baba Mukubwa. Alikaa mtaa wa Panda, mwendo ambao mtu mwenye haraka huumaliza kwa miguu kabla jua halijawa kali.

Mwaka huo nilikuwa nimeona kwenye simu ya Mama video za watu wa nchi za mbali waliovaa kofia za vita na mabamba ya kifua, mavazi ya askari wa miaka ambayo haijafika, wa vita vya huko juu kati ya nyota. Mtu anatembea, anang'aa, unaogopa. Halafu anavua kofia, anaigeuza, na ndani unaona karatasi. Hapo ndipo waliponishika. Spika ya simu ilikuwa imekufa, kwa hiyo nilijifunza yote bila sauti, kwa kutazama mikono yao. Wao walikuwa na mashine za kuchapa mchoro na mashine za kuukata. Mimi nilikuwa na daftari la hesabu lenye miraba. Nilisimamisha video, nikahesabu, nikahamisha mstari kwa mstari kutoka kioo cha simu hadi mraba mdogo, na kutoka mraba mdogo hadi mraba mkubwa niliouchora sakafuni kwa chaki. Mama alipiga deki mara mbili juu ya kazi ya wiki nzima. Sikulia. Nilichora upya.

Karatasi yangu ilikuwa mifuko ya simenti. Jirani alikuwa anajenga ukuta, na mifuko mitupu ilirundikwa pembeni ya njia. Mfuko wa simenti una tabaka kadhaa. La nje lina vumbi na halishiki gundi, lakini la ndani ni safi, la kahawia, gumu kuchana kama ngozi. Nililitoa, nikalikata vipande vyembamba, nikavipaka uji mzito wa unga wa muhogo, nikavipanga tabaka moja kwenda hivi na la pili kwenda vile. Kila tabaka lilipaswa kukauka kabisa kabla ya lingine. Nikiwa na wasiwasi kwamba halijakauka, nililigusa kwa mdomo, kwa sababu mdomo unahisi unyevu ambao kidole hakiuhisi. Kofia niliirudia mara nne. Tundu la jicho la kushoto lilikuwa juu kuliko la kulia kwa unene wa punje moja ya mahindi. Mama alisema hakuna atakayeona. Nilimwambia mimi nimeshaona.

Resini niliipata kwa Papa Zéphyrin, fundi wa mabodi ya magari aliyekuwa na kibanda nyuma ya ukuta wetu. Alikuwa anaziba bampa zilizopasuka. Nilimsugulia bampa kwa msasa, naye akaniachia mabaki ya chini ya mkebe na dawa yake ya kukazia katika chupa ya dawa ya kikohozi. Hakunifundisha chochote, alisema mtoto wa kike atachoka siku mbili. Nilimtazama mikono, kama nilivyowatazama wale wa simu. Dawa ikiwa chache, resini haikamati, inabaki inanata kama asali. Ikizidi, inachemka yenyewe, inatoa moshi na kupasuka. Nilipima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, nikaandika matone yote katika daftari.

Kilichonishinda ni mgongo. Kifua unaweza kukipima mwenyewe, lakini mgongo wako huwezi kuufikia. Kambo alikuwa amekaa juani, ananitazama nikijizungusha na kamba kama mbwa anayetafuta mkia wake.

"Tumia mugongo yangu," akasema. "Yako hautaiona hata siku moya."

"Yako imekunjama, Kambo."

"Njo muzuri. Askari anabeba mizigo. Iko fashi ya kuweka." Njo yetu ni ndiyo, na fashi ni mahali.

Nilimfunga nailoni juu ya shati, nikaanza kubandika. Alikaa tangu baada ya chai ya asubuhi mpaka kivuli cha nyumba kikafika miguuni pake. Nilimwambia asipumue sana. Akasema akiacha kabisa nitamaliza mbio. Nilipolitoa, bamba lilisimama lenyewe juu ya meza, na mgongo wake ulikuwa mle ndani wote: nundu, mifupa miwili ya mabega, hata ule upande wa kulia uliokuwa umeshuka zaidi kwa miaka ya kubeba. Ilikuwa baridi ya kiangazi, ile ya asubuhi za Likasi inayokufanya uweke mikono kwapani, na resini ya kwanza ilinata siku tatu. Ya pili niliizidishia dawa, ikatoka moshi, nikaikwangua yote. Ya tatu nililiweka bamba juu ya bati lililopata jua, nikakaa pembeni yake kama mtu anayelinda unga usiliwe na kuku. Jioni niligonga kwa kucha. Lilijibu kama sahani. Nilipaka rangi ya fedha iliyobaki baada ya geti la mtu kupakwa, na Kambo akalishika kwa mikono miwili, akaligeuza, akaangalia ndani kwa muda mrefu.

"Njo vile niko?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo. Akacheka kidogo, akanirudishia, akasema nisilipoteze.

Sijawahi kutengeneza kitu bora kuliko kile. Nasema hivyo leo, nikiwa nimetengeneza vingi. Kingo tu zilibaki, zilihitaji msasa, na mikanda ya kufungia. Nilikuwa nilivae sikukuu ya shule, mbele ya wote walioniita Mashine kwa sababu ya mwandiko wangu uliolingana kama wa chapa. Halafu Kambo akaugua, na vazi likatundikwa stoo.

Alikaa kitandani wiki kumi na mbili. Mama alimwosha. Mimi nilimnyoa, kwa sababu mikono yangu hutulia nikiwa na kazi. Siku nyingine alichanganya mambo, lakini Jumapili hakuikosa. Kila Jumapili alitaka anyolewe, avalishwe koti lake la bluu la kiwandani, aketishwe kwenye kiti chake kikiangalia geti, kwa sababu mwanawe wa kwanza atapita akitoka misani. Aliuliza, "Amefika?" Tukasema bado. Alikunywa chai kidogo, akalalamika kwamba sukari ni chache, akauliza tena. Mchana tulimrudisha kitandani na koti lake.

Watu wazima walikuwa na maelezo kuhusu kwa nini Baba Mukubwa haji. Kulikuwa na maneno ya zamani kati yake na baba yangu, na nasikia kulikuwa na aibu pia, ya kuona mzazi akioshwa na mke wa mdogo wake. Sikuyasikiliza maelezo hayo wakati ule, na kusema kweli hata leo siyataki.

Jumapili ya kumi alifika. Alikaa ukingoni mwa kiti. Chai aliyowekewa haikuwahi kupoa, akaondoka. Kabla ya kuondoka aliingia stoo kutafuta koleo lake, na alipotoka alikuwa na bamba langu la mgongo chini ya kwapa.

Hapa ndipo nilipokuwa mjinga. Nilimwona. Nilisimama mlangoni nikamwona akivuka geti nalo, likimetameta, na moyo wangu ulijaa furaha. Niliamini anaenda kuwaonyesha watu. Nilijua ana marafiki wakubwa, watu wa parokia, watu wa ofisi. Nilijiambia: amekiona kitu kizuri, amekitambua. Nikamkimbilia hadi barabarani kumwambia kwamba halijaisha, kwamba kingo bado zina makali, asiwaruhusu wazipitishie vidole. Hakunisikia, au alisikia akainua mkono tu. Wiki mbili nilitembea nikijiandaa. Nilijizoeza jibu la mtu atakayeuliza nimelitengenezaje. Nililiandika daftarini nikalifuta na kuliandika upya, ili nisiseme neno la ziada.

Kisha Kambo akakataa kula. Baba alimpigia ndugu yake simu, simu ikaita bure, akanituma mimi Panda. Nilivaa nguo ya misani. Nilifikiri labda bamba limewekwa sebuleni.

Baba Mukubwa alikuwa uani, kwa bata aliowafuga. Alikuwa anamimina maji kutoka kwenye ndoo, na maji yalikuwa yanaingia katika mgongo wa Kambo. Bamba lililazwa chali, limeshikiliwa na matofali mawili ili lisiyumbe. Pale ndani, mahali mifupa ya mabega ilipoacha alama, bata watatu walikuwa wanazamisha midomo. Rangi ya fedha ilikuwa imechubuka. Kulikuwa na kinyesi kwenye nundu.

"Hii kintu inashika mayi bien," aliniambia, kwa sauti ya mtu mwema anayesifu. "Njo weye ulitengeneza?"

Nikasema ni mimi.

"Basi utengeneze ingine. Bata iko mingi."

Hakuwa ananitania. Laiti angekuwa ananidhihaki ningekuwa na kitu cha kushika. Aliona kitu kinachoshika maji, akakipatia kazi. Nilimpa ujumbe wa Baba. Akasema atakuja kesho. Nilirudi Kikula kwa miguu, na njiani kote sikumfikiria Kambo hata mara moja. Nalikiri hili kwa sababu ndilo ninaloona aibu nalo kuliko yote yaliyofuata. Kambo alikuwa anakufa, na mimi nilikuwa nafikiria kingo zangu, kama maji yamezipenya, kama karatasi imeanza kuvimba kutoka ndani.

Kesho hakuja. Keshokutwa Kambo akafa.

Kwetu kwenye kilio wajukuu wana kazi yao. Wakati wakubwa wanalia, wajukuu wanachekesha. Wanavaa nguo za marehemu, wanatembea kama yeye, wanakohoa kama yeye, wanawazuia watu njia, wanawatania wafiwa mbele ya wageni wote. Watu wanacheka katikati ya machozi, kisha wanarudi kulia wakiwa na nguvu mpya. Sikuwahi kushiriki, niliogopa kusimama mbele ya watu. Siku ya kwanza nilikaa karibu na Tantine Béa, dada wa baba, nikawatazama binamu zangu. Mmoja alijifanya Kambo mlevi anayeanguka kwenye mfereji, na Kambo hakuwahi kunywa. Mwingine akasema Kambo alikuwa na wake saba katika mji wa Kambove. Mwingine akamnyooshea Tantine kidole, akasema halii kwa uchungu, analia kwa sababu ya njaa. Tantine alicheka mpaka kilemba kikafunguka. Nilimuuliza kama hakasiriki.

"Leo bajukulu banasema yote," akanijibu. "Hakuna wa kukasirika."

Nililichukua neno hilo nikaenda nalo. Nilikuwa nimewatazama binamu zangu kwa jicho langu lile la kutafuta makosa, na nilichoona ni kwamba hawakujiandaa. Walisema vitu ambavyo havikutokea. Hawakuijua hata sauti ya kikohozi chake, walikohoa kama mtu yeyote. Niliona kazi mbaya, na nikajua naweza kuifanya vizuri zaidi.

Siku ya pili, mchana, watu walikuwa wamejaa chini ya turubai. Baba Mukubwa alisimama kutoa ushuhuda kama mtoto wa kwanza. Alizungumza vizuri, daima alizungumza vizuri. Alisema baba yake alimfundisha kazi na sala. Kisha akasema kwamba katika ugonjwa ule alimwosha mzee kwa mikono yake mwenyewe. Nilimtazama Mama. Alikuwa amekaa chini kwenye mkeka pamoja na wanawake wengine, na hakuinua kichwa.

Nilikwenda stoo. Nilivaa bamba la kifua, na juu yake koti la bluu la Kambo. Nilivaa kofia. Mgongoni hapakuwa na kitu, kwa hiyo nilijikunja mwenyewe. Nilitoka nikiburuta miguu, nikapita katikati ya watu hadi kwenye kiti chake, nikakaa. Baba Mukubwa alinyamaza kunipisha, kama desturi inavyotaka. Nikakohoa kikohozi chake, kile chenye hatua tatu, na turubai zima likalipuka kwa kicheko. Wanawake wakapiga vigelegele. Nilidai chai. Nikasema sukari ni chache. Mzee mmoja aliyefanya kazi naye zamani alikuwa anafuta machozi akisema, ni yeye, ni yeye mwenyewe. Ndani ya kofia kulikuwa na joto na harufu ya resini, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuogopa mtu.

"Jumapili ya kwanza," nikasema kwa sauti ya Kambo, nikageuza kofia kuelekea geti. "Mutoto yangu wa kwanza amefika?" Nikangoja. "Bado."

Wakacheka.

"Jumapili ya pili. Amefika?" Nikangoja muda uleule. "Bado."

Walicheka tena, kidogo zaidi, kwa sababu walidhani ninajenga utani na mwisho wake unakuja. Ya nne walicheka vijana tu. Ya sita nilisikia turubai likipigwa na upepo. Ya saba Tantine Béa aliniambia taratibu kwamba inatosha, na ningeweza kuacha hapo. Wengi wameniuliza kwa nini sikuacha. Sikuacha kwa sababu zilikuwa kumi na mbili. Kuacha saba kungekuwa kama kuacha upande mmoja wa kofia bila jicho. Nilizipitia zote, kila moja na kikohozi chake na kungoja kwake, na kila mara nilipogeuka kuelekea geti ilinibidi nipitishe macho juu ya Baba Mukubwa aliyekuwa bado amesimama. Ya kumi nikasema, "Amefika. Chai haiyapoa, ameenda." Ya kumi na moja, bado. Ya kumi na mbili, bado.

Kisha nikaongeza ambalo halikuwa la lazima. Nilinyoosha mikono mbele, nikaiangalia, nikasema kwa sauti ya Kambo, "Ni muke wa mutoto yangu wa pili njo alininawisha."

Hakuna aliyecheka. Kupitia matundu mawili ya macho, yaliyokuwa sawa kabisa, nilimwona Baba Mukubwa akifungua mdomo na kuufunga. Alitazama wageni. Aliweka kofia yake kichwani, akapita pembeni ya kiti changu, akatoka nje ya geti. Hakurudi siku hiyo. Siku ya maziko mtoto wa kwanza hakuwepo kutupa udongo wa kwanza. Baba yangu alitupa kwa niaba yake.

Nilifurahi. Lazima niliandike bila kulipamba. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi kabla ya hapo, na furaha hiyo ilikuwa safi, haikuwa na Kambo ndani yake. Kila nilipomwona tena akifungua mdomo na kuufunga, niliwaona bata wakizamisha midomo, na nikahisi tumelingana.

Tantine Béa ndiye aliyenieleza kosa langu, siku tatu baadaye, akichambua mboga. Hakunifokea. Alisema wajukuu hawakasirikiwi kwa sababu wanasema uongo ambao kila mtu anajua ni uongo. Kambo mlevi, wake saba, njaa yake mwenyewe: ndiyo maana mtu anaweza kuucheka na kurudi kuketi. Mimi nimeleta ukweli, na ukweli hauna pa kuketi. Kwa hiyo wale binamu niliowaona hawakujiandaa walikuwa wanajua kazi yao vizuri kabisa. Niliyekosea ni mimi, kwa kupatia.

Lakini kulikuwa na njia ya kurekebisha, na wakubwa waliipanga. Tungekwenda Panda, Baba na mimi, pamoja na Tantine na wazee wawili wa ukoo. Nisingeombwa kupiga magoti wala kuomba radhi. Ningesema tu kwamba niliyoyasema yalikuwa utani wa wajukuu. Sentensi hiyo moja ingeyarudisha yote mahali pa utani, yaani mahali pa uongo, na Baba Mukubwa angeweza kucheka, hata kwa shida, na ndugu wawili wangekula sahani moja. Njiani Baba alirudia kuniambia sentensi hiyo mara mbili, kama mtu anayemsaidia mtoto kukariri. Aliniambia pia kwamba hana ndugu mwingine.

Tuliketi sebuleni. Baba Mukubwa alikuwa amekonda. Hakuniangalia. Chakula kilikuwa tayari kimefunikwa mezani, nikaona kwamba na yeye alitaka jambo hilo liishe. Bata nilikuwa nawasikia uani, sikuwaona. Mzee mmoja alizungumza muda mrefu kuhusu damu moja. Kisha wote wakanigeukia.

"Sema tu ilikuwa mchezo ya bajukulu," Tantine Béa akaninong'oneza. "Neno moya, tunakula, tunarudi kwetu."

Ningeweza kuisema. Nilikuwa nimeikariri vizuri. Ila nilijua kwamba nikiisema, Mama atakuwa hakumwosha Kambo, na zile Jumapili zitakuwa mzaha. Hilo ndilo ningependa liwe sababu yangu, na kwa miaka mingi nimejaribu kuamini kwamba ndilo. Ukweli ni kwamba nilimtazama yule mtu aliyekonda na nikaona kwamba bado namtaka vile vile, mdomo wazi, hana la kusema, na kwamba siwezi kukiacha kitu nilichokitengeneza sawasawa kikatumiwa tena kwa kazi nyingine.

"Haina mchezo, Tantine," nikasema. "Nilisema kweli."

Baba Mukubwa aliinuka, akaingia chumbani, akafunga mlango bila kuupiga. Chakula kilibaki kimefunikwa. Yeye na baba yangu hawajaketi pamoja tena tangu siku hiyo.

Tulirudi kwa miguu, Baba mbele, mimi nyuma. Nilitegemea anipige, na ningependelea hivyo. Tulipofika karibu na nyumbani alisimama, akanisubiri nimfikie. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso ambao sikuwahi kuuona kwake, uso wa mtu anayepima maneno kabla ya kuyatoa.

"Siku miye nitakufa," akauliza, "watoto yako batasema nini juu yangu?"

Nilidhani ni swali la kunionya. Nilichukua muda mrefu kuelewa kwamba alikuwa anauliza kweli, kwamba alikuwa anahesabu Jumapili zake mwenyewe.

Sasa hunipigia simu kila Jumapili akitoka misani, hajakosa hata moja tangu nilipohamia Lubumbashi. Hapigi soga. Ananiambia kwamba amempeleka Mama hospitali na walirudi saa ngapi. Ananiambia kwamba amembebea maji, kwamba amemkanda mguu, kwamba alikaa naye mpaka akasinzia. Anasema taratibu, kwa mpangilio, na baada ya kila jambo ananyamaza kidogo kana kwamba ananipa nafasi ya kuandika. Juzi sauti yake ilikuwa ya mafua, na bado alianza tangu asubuhi na kumaliza yote. Ninamsikiliza hadi mwisho. Ningeweza kumwambia aache, kwamba mimi ni mtoto wake tu na sihesabu chochote. Kila Jumapili neno hilo linafika hadi kwenye meno, na kila Jumapili namwachia aendelee.